Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mataifa Yafundishanavyo Habari za Nishati Safi

(Hotuba ya Katibu wa Umoja, iliyosomwa mbele ya wanachama katika ukumbi wa Umoja, Mwanjelwa, siku ya kuadhimisha miaka kumi)



Miaka kumi si mingi katika umri wa mti, lakini katika umri wa chama cha wakulima ni mingi, maana viko vyama vilivyozaliwa pamoja na chetu ambavyo leo vyakumbukwa kwa mihuri tu.

Waliotangulia kusema wametaja ghala, mizani, mbegu na bei. Sisi tumetumwa na Halmashauri tuseme juu ya jambo moja ambalo halina shangwe nyingi, nalo ni moto wa jikoni. Kila mmoja wenu ajua sababu. Mkutano Mkuu ujao utapiga kura kuamua kama Umoja uendelee kutoa mikopo ya mitambo ya gesi ya samadi, au uache kabisa na fedha iliyobaki irudishwe katika mfuko wa akiba. Jambo hili limetugawa. Hatukuja kuwaomba kura leo, kwa kuwa siku ya sherehe si siku ya kampeni. Tumekuja kueleza tulikokosea, na jinsi mataifa mengine yalivyokosea kabla yetu, ili siku ya kura kila mtu apige akijua.

USHIRIKA WENYEWE TULIUAZIMA

Wako wenzetu wasemao kwamba mtambo wa gesi ni kitu cha kigeni, na kitu cha kigeni hakimfai mkulima wa Nyanda za Juu Kusini. Twawajibu kwa heshima kwamba hata ushirika uliotukusanya hapa ni wa kigeni. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, wafumaji na mafundi maskini walichanga fedha kidogo kidogo wakafungua duka lao, wakaandika kanuni zao. Kanuni zile zilisafiri. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Baadaye mambo yalikwenda kombo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha.

Mwenye kuitazama historia hiyo aona mambo mawili. Kitu cha kuazima chaweza kuwa chetu kabisa, hata watoto wetu wasijue kwamba kilitoka ng'ambo. Lakini hakiwi chetu siku ya kwanza, wala hakiwi chetu bila maumivu. Kuna kuazima nguo na kuna kujifunza kushona. Nguo ya kuazima haimsitiri mtu siku zote, bali ujuzi wa kushona haudaiwi na mtu.

HALI YA MAJIKO YETU

Twende sokoni hapa Mwanjelwa asubuhi yoyote. Utaona magunia ya mkaa yamepangwa, yameshonwa vichwa kwa kamba, na mama lishe wakipimiwa kwa kopo. Huko vijijini wengi wetu hatununui mkaa. Twapika kwa kuni juu ya mafiga matatu. Mama aamka kabla ya jogoo, na jioni arudi na mzigo kichwani. Kila mwaka njia ya kuni yazidi kuwa ndefu, na miti iliyokuwa karibu na chemchemi haipo tena. Wakulima tujiulize: chemchemi ikikauka, viazi vitanyweshwa na nini, na mpunga wa bondeni utapata wapi maji?

Tena uko moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na sehemu kubwa ya hewa hiyo yatoka jikoni. Moshi hauui kama ajali ya gari barabarani, mbele ya macho ya watu. Huua polepole kwa kikohozi na kifua, na walio karibu nao zaidi ni mama na mtoto aliyebebwa mgongoni.

Serikali yetu imelitambua jambo hili. Mwezi Mei mwaka 2024 ilizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Wenzetu wa mjini wengi wamekwisha kushika mtungi wa gesi. Lakini mtungi huja kwa lori, na bei yake haikupangwa nasi. Mkulima mwenye ng'ombe bandani anayo gesi nyumbani kwake, naye huizoa kila asubuhi kwa koleo na kuitupa.

TULIVYOKOSEA

Sasa tuseme yaliyo mazito. Katika mwaka wa nne wa Umoja wetu tulipata habari za mitambo hii, tukavutiwa. Tulikwenda tukaona mmoja ukiwaka vizuri, mwali wa buluu usio na moshi, tukarudi na furaha. Tukatoa mikopo, tukaleta fundi kutoka mbali, akajenga kwa haraka, akalipwa fedha yake yote, akaondoka. Sisi tulioshika kalamu ndio tuliotia sahihi; lawama isiende kwa mwingine.

Mwaka haukupita, mitambo ikaanza kulala. Wanachama wengine walikuwa na ng'ombe wa kuchunga, si wa kufugia bandani, na samadi ilibaki malishoni; tangi likashinda na njaa. Wengine walikaa mbali na maji, na kijana aliyechota maji ya kunywa hakutaka kuchota tena ya kulisha tangi. Ulipofika mwezi Juni, baridi yetu mnaijua, gesi ikapungua mpaka ikawa haichemshi hata chai. Watu wakadhani mtambo umekufa, wakaacha kuulisha, nao ukafa kweli.

Na iko habari ya mama mmoja mjane wa upande wa viazi. Tangi lake lilijengwa kwa mchanga wenye udongo, likapata ufa, gesi ikatoroka. Fundi hakupatikana. Mkopo aliendelea kulipa, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, huku akipika kwa kuni. Tulipokwenda kumtazama alitukaribisha, akatupa viazi vya kuchemsha, kisha akatuambia kwa upole kwamba tulimletea mgeni nyumbani bila kumwuliza mgeni huyo anakula nini. Hatukuwa na jibu. Neno lile ndilo lililotufanya tuanze kusoma na kuuliza: je, mgeni huyu alipokwenda kwa watu wengine, wao walimlisha nini?

MGENI ALIVYOSAFIRI

Kwanza tueleze mtambo wenyewe, kwa ajili ya wasioujua. Samadi ikichanganywa na maji na kufungiwa mahali pasipo hewa, vijidudu huila na kutoa gesi iwakayo. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa gesi lita 40 hivi. Kwa hiyo kilo 25 kwa siku, pamoja na maji kiasi hicho hicho, hutoa kama lita 1,000, ambazo huwasha jiko la kichwa kimoja kwa saa mbili au zaidi. Ng'ombe wawili wa kufugwa bandani watosha. Vijidudu hivi hupenda joto la nyuzi 35. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 hufanya kazi kwa uvivu mkubwa. Na tope litokalo baada ya gesi ni mbolea iliyo tayari, isiyo na mbegu nyingi za magugu.

Wahindi walieneza mtambo wenye ngoma ya chuma ieleayo juu ya samadi. Gesi ikijaa ngoma hupanda, ikitumika hushuka. Ni mtambo mzuri, maana mtu huona kwa macho gesi aliyo nayo. Wachina walishika njia nyingine: kuba la matofali au saruji lililofukiwa ardhini, lisilo na chuma wala kitu kinachosogea.

Katika miaka ya 1970 China ilijenga makuba haya kwa mamilioni, kwa haraka na kwa shauku. Mengi yalivuja, yakaachwa. Mkisikia hivyo mtakumbuka mambo yetu wenyewe. Basi hata taifa kubwa lenye mafundi wengi lilianguka katika shimo lile lile. Lakini hawakuishia hapo. Waliweka vipimo vya ujenzi, wakafundisha mafundi, wakaanza upya, hata mwanzoni mwa miaka ya 2010 kaya zenye mitambo zilikuwa zimekaribia milioni 40. Na bado wamepata somo jingine: vijana walipohamia mijini na wakulima wadogo walipoacha kufuga nguruwe, mitambo mingi ilibaki mitupu. Kwa hiyo mtambo hauishi kwa saruji peke yake. Huishi kwa mfugo na kwa mkono wa kuulisha.

Nepal ni nchi ya milima, na wakulima wake wengi ni wadogo kama sisi. Katika mwaka 1992 ilianzisha mpango wa taifa wa gesi ya samadi, ikisaidiwa na Waholanzi wa shirika la SNV. Walifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya: waliamua kwamba mtambo wa kupewa ruzuku uwe wa aina moja tu, kuba lililoitwa GGC 2047, na namba hiyo ni mwaka wa kalenda yao ulio sawa na 1990 hivi. Makampuni ya wajenzi yalikuwa mengi, lakini ruzuku haikutolewa mpaka mtambo uwe umefuata vipimo. Wakaguzi walipita wakichagua mitambo bila taarifa, na kampuni iliyokosea ilitozwa. Tena mjenzi alifungwa na dhamana: mtambo ukiharibika ndani ya muda uliowekwa, arudi atengeneze. Kwa utaratibu huo Nepal ilijenga mitambo zaidi ya 300,000. Na juu ya baridi, wakulima wa huko hulifunika kuba kwa udongo na kulundika mboji juu yake. Mboji ikiiva hutoa joto, na joto hulitunza tangi. Blanketi hilo halina bei.

Hapa kwetu Tanzania habari hii si ngeni kama tunavyodhani. Tangu mwaka 1975 SIDO ilianza kujenga mitambo ya Kihindi ya ngoma ya chuma. Chuma kilikuwa ghali, nacho kilipata kutu. Katika miaka ya 1980, mafundi wa CAMARTEC huko Arusha, wakishirikiana na Wajerumani, walilichukua kuba la Kichina wakalibadili. Na hapa, ndugu wanachama, twaomba msikilize vizuri, kwa maana ndipo ilipo heshima yetu.

Waliona kwamba ukuta wa chini wa tangi, uliokaa juu ya udongo wetu, hauachi kupata nyufa, na ufa ukipanda juu gesi yote hutoka. Wangeweza kusema saruji iongezwe mpaka ufa usitokee kabisa. Lakini mkulima gani angeilipa? Wao waliweka pete mbili katika kuba. Pete ya chini ni dhaifu kwa makusudi. Ufa ukija, huishia hapo. Pete ya juu yake ni imara, nayo huishika sehemu ya juu inayotunza gesi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi wa Arusha waliongeza busara yao: ikiwa ufa lazima utokee, upangie mahali usipodhuru.

Mtambo huo wa Arusha ulivuka mipaka. Kenya na Uganda ziliuchukua zikaurekebisha kwa hali zao. Mwezi Mei mwaka 2007 mataifa ya Afrika yalikutana Nairobi kushauriana juu ya gesi ya samadi. Na mwaka 2009 mpango wa Tanzania ulianza, ukiongozwa na CAMARTEC, na kufuata utaratibu uliojaribiwa Nepal. Tazameni safari hiyo: Uchina, Arusha, Nairobi, Kampala, na utaratibu wa kusimamia kazi ukatoka Kathmandu. Hakuna taifa hata moja lililojua yote peke yake. Na Mtanzania hakukaa mkiani akipokea tu; yeye pia alifundisha.

UMEME WA MAWENGI NA MOTO WA OLKARIA

Tusidhani kwamba mafunzo haya ni ya samadi tu. Majirani zetu wa Njombe, mkoa ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Iringa, wanao mfano ambao kila mwanaushirika yampasa aujue. Katika wilaya ya Ludewa, huko Mawengi, ulijengwa mtambo wa umeme wa maji wa kilowati 300 kwa msaada wa shirika la ACRA la Italia. Msaada peke yake si ajabu. Nchi yetu imejaa misaada iliyoota kutu. Ajabu ni kwamba watumiaji wenyewe waliunda chama chao, LUMAMA, jina lililofumwa kutoka Lupande, Mawengi na Madunda, na chama hicho ndicho kikusanyacho ada na kuendesha mtambo. Tangu miaka ya 1980 kijiji cha Matembwe kilipata mtambo wake kwa ushirikiano na Waitalia wengine, wa CEFA, nao ukaendeshwa na kampuni ya kijiji. Waitalia walikuja na mashine na hesabu. Wenyeji walitoa mto, mikono na uongozi. Kila upande ulifundisha na kufundishwa.

Hata sheria husafiri. Mnamo mwaka 2008 nchi yetu ilianza kuweka utaratibu wa wazalishaji wadogo wa umeme, wale wasiozidi megawati 10, ili waweze kuiuzia TANESCO kwa mkataba unaojulikana badala ya kila mmoja kujadiliana peke yake. Utaratibu huo ulichota sana uzoefu wa Thailand, ambayo tangu mwaka 2002 ilikuwa imewafungulia mlango wazalishaji wadogo sana. Mtambo wa Mwenga huko Mufindi, wa megawati 4, uliwasha vijiji na kuuza umeme katika gridi kwa njia hiyo. Mkulima wa chai wa Mufindi hajawahi kufika Bangkok, lakini taa yake ina deni kidogo huko.

Na tukiinua macho kutoka hapa tulipo, twaona milima ya Rungwe, na juu yake Ziwa Ngozi lililokaa katika kasoko ya volkano. Wataalamu wa TGDC, kampuni ya Serikali iliyoanzishwa mwaka 2013, wamekuwa wakichunguza joto lililo chini ya ardhi huko Ngozi na Kiejo-Mbaka. Elimu hiyo nayo ina ukoo wake. Mwaka 1904, huko Larderello nchini Italia, mvuke wa ardhini uliwasha taa tano tu. Mwaka 1956 Kenya ilichimba visima vya kwanza Olkaria, havikutoa cha kuridhisha. Hawakufa moyo, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kazi. Wakati huo huo Iceland, kisiwa cha baridi chenye watu wachache, ilikuwa imefungua mwaka 1979 chuo cha kuwafunza wataalamu wa nchi nyingine elimu ya mvuke, na hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Leo mvuke huipa Kenya zaidi ya theluthi moja ya umeme wake, na mafundi wa KenGen wamekwenda kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Mwanafunzi wa jana ndiye mwalimu wa leo. Kati ya visima vile vya 1956 na umeme wa 1981 ilipita miaka 25. Sisi tulitaka kukata tamaa baada ya mwaka mmoja.

TULIYOJIFUNZA

Ndugu wanachama, tukiyakusanya hayo yote twaona mafunzo manne.

La kwanza, anayetaka kujifunza kwa mwingine na aulize habari za kushindwa kwake kabla ya kuuliza habari za kushinda. Sisi tulikwenda kuona mwali wa buluu. Ingetupasa tuombe kuonyeshwa mtambo uliolala, na kuuliza kwa nini umelala. Kuuliza si ujinga.

La pili, tusichukue mashine tukaacha utaratibu. Kuba ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni ukaguzi, dhamana, na fedha isiyotoka yote kabla kazi haijathibitika. Nepal haikutuzidi saruji, ilituzidi daftari.

La tatu, kila kitu kipimwe kwa ardhi ya mwenyeji. Baridi ya Umalila si joto la Kyela. Tangi litoshalo bondeni halitoshi mlimani. Huko yafaa liwe kubwa zaidi, lifukiwe vizuri, lifunikwe kwa mboji, na lilishwe adhuhuri kwa maji yaliyoota jua.

La nne, mwenye kujifunza yampasa afike siku naye afundishe. Taifa lipokealo siku zote mwishowe huona haya hata kwa lililo jema. Vijana wetu wawili waliokwenda kujifunza kwa mafundi wa Arusha wamerudi, na kwa mikono yao mitambo minne iliyolala imeamka. Mmoja wa hiyo ni wa yule mama mjane. Juni iliyopita tulipita kwake asubuhi ya ukungu. Mboji imelundikwa juu ya kuba kama kichuguu, na ndani chai ilikuwa inachemka. Mwali haukuwa mkubwa, tusidanganyane. Lakini ulichemsha. Na jirani zake wawili wamekuja kumwuliza habari, naye huwafundisha bila malipo.

MAPENDEKEZO YA KUPELEKWA MKUTANO MKUU

Halmashauri italeta mbele yenu mambo matano, nanyi mtayakubali au kuyakataa.

Moja, pasijengwe mtambo mpya hata mmoja kwa fedha ya Umoja mpaka ile iliyolala iwe imetengenezwa, au mwenye nayo awe amesamehewa deni lililobaki.

Mbili, kila chama cha msingi kiwe na mafundi wake wawili waliofundishwa, wakazi wa hapo hapo, ili ufa ukitokea Jumatatu fundi asisubiriwe mpaka mwaka ugeuke.

Tatu, fundi alipwe nusu ya ujira kazi ikiisha, na nusu baada ya mtambo kuwaka miezi kumi na miwili, baridi ikiwamo.

Nne, mkopo apewe mwanachama mwenye ng'ombe wasiopungua wawili bandani na maji ya karibu. Asiye navyo asidanganywe. Yeye asaidiwe kupata jiko banifu, ambalo hupunguza kuni hata kama haliziondoi. Mtambo wa gesi si wa kila mtu, na kusema hivyo si kumdharau mtu, ni kumwokoa na deni.

Tano, ujaribiwe mtambo mmoja tu, hapa Mwanjelwa, wa kutumia mabaki ya sokoni, yaani kabichi, maganda ya ndizi na mengineyo, ili gesi yake ipikie mama lishe wachache. Hatujui utakwendaje katika hali yetu. Ndiyo sababu twasema mmoja. Ukishindwa, tutaandika kwa nini umeshindwa na kuwapa wenzetu wa miji mingine waisome. Huo nao utakuwa mchango wetu.

Twajua wako watakaosema fedha ya akiba ikae ghalani. Hawakosei kuogopa, tuliwafundisha kuogopa sisi wenyewe. Twaomba tu kwamba hofu yao iwe ya mtu aliyejua, wala isiwe ya mtu aliyefunga mlango kwa sababu mgeni wa kwanza alikaribishwa vibaya. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji alale. Mwenyeji yampasa amwandalie mgeni mahali, amjue chakula chake, amshirikishe kazi ya nyumba, ndipo apone.

Bwana Mwenyekiti, katika miaka kumi ijayo, yule atakayesimama hapa kusoma hotuba ya Katibu huenda akawa mmoja wa watoto wanaokohoa leo katika majiko yetu. Twataka aweze kusema kwamba Umoja huu ulikosea, ukakiri, ukajifunza kwa Wachina, Wanepali, Waitalia, Wakenya na kwa mafundi wa Arusha, kisha ukawa na kitu cha kuwafundisha wengine. Kazi hiyo yaanza kwa koleo, samadi na ndoo ya maji, asubuhi ya kesho, kwa kila mwenye mtambo.